Siku Mama Alipomnadi Mke Wangu

Mimi ni kinyozi, na mke wangu ni mchezaji wa mpira wa kikapu. Ukiweka kazi hizo mbili ndani ya nyumba moja, ujue umejitafutia maneno. Mwaka ule msimu ulipomalizika, mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni na klabu imekaa kimya kana kwamba haimjui, lakini kwenye saluni yangu kila aliyekalia kiti alikuwa na habari kamili. Fundi viatu wa jirani aliapa kwamba ameshasaini kwa matajiri wa mji wa pili, tena kwa siri. Mwalimu mstaafu akasema si kweli, mama wa watu anaacha mchezo, kayasikia kwa mtu anayemjua daktari wake. Wakishachoka kubishana walinigeukia mimi, mashine ikinguruma mkononi: "Kinyozi, hebu tuambie, ukweli ni upi?"

Ukweli ni kwamba sikuujua. Hata yeye mwenyewe hakuujua, na hilo ndilo lililokuwa likitukosesha raha nyumbani. Nikawa najibu, "Tulia, nitakukata sikio," watu wanacheka, na mimi sina hata chembe ya kicheko.

Mtaani wanamwita Ngazi. Wengi hudhani ni kwa sababu ya urefu tu, na kweli ni mrefu, mlango wa chumba chetu anaupita kwa kuinama kwa heshima. Lakini jina lilianzia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa binti mdogo ameajiriwa kuuza misumari na rangi, na vitu vya rafu ya juu kabisa alikuwa anavichukua kwa mkono tu, huku akiendelea kuongea na mteja. Mwenye duka alipoona hivyo akaiuza ngazi yake. Siku moja mteja akauliza kama kuna ngazi, na mwenye duka akamnyooshea kidole yule binti: "Ngazi iliyobaki ndiyo hiyo, na haiuzwi." Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, isipokuwa wazazi wenyewe.

Kocha wa timu ya wanawake alimkuta pale pale dukani. Alikuwa amefuata rangi nyeupe ya kuchorea mistari ya uwanja. Kopo lilikuwa juu, Ngazi akanyoosha mkono, akalikamata kwa vidole kutoka juu na kuliteremsha polepole bila kulitikisa, na kocha akasahau kilichomleta. Anapenda kusimulia kwamba alirudi uwanjani bila rangi lakini na mchezaji. Viatu vyake vya kwanza vya mchezo vilikuwa vya kiume, maana vya kike vya mguu ule havikupatikana dukani popote. Wiki ya kwanza wenzake walimcheka, na baada ya hapo wakawa wanamgombea awe upande wao.

Mimi nilimjulia kwenye kichwa. Alikuja kunyolewa, nywele fupi kabisa zisimsumbue akicheza. Wateja warefu huwa nawashushia kiti. Yeye nilikishusha mpaka kikagoma, na bado nikawa namnyoa nimesimama kwa ncha za vidole. Akanitazama kwenye kioo. "Kaka," akasema, "panda kwenye kigoda, usijitese." Nikapanda. Niko juu ya kigoda hicho mpaka leo, na sijawahi kujuta.

Klabu yetu ilichukua ubingwa mara tatu yeye akiwa pale katikati. Kisha tukapata mtoto, binti, na klabu ikamwambia "pumzika vizuri, mama," kwa sauti ya kumfariji mgonjwa ambaye hatarajiwi kupona. Alirudi mtoto akiwa na miezi mitano. Wakamkalisha benchi. Alijikaza kisabuni, hakulalamika, alfajiri akawa anakimbia kuzunguka uwanja wa shule na mimi nyuma yake nimembeba mtoto kifuani, nahema kuliko yeye. Mwishoni mwa msimu, maji yalipoifika timu shingoni, kocha akamwingiza. Waliokuwapo wanajua alichofanya. Timu iliyokuwa inachungulia kushuka daraja ilimaliza katikati ya msimamo, na mashabiki wakawa wanambeba mtoto wetu kwa zamu jukwaani ili mimi nipate kupiga makofi.

Baada ya hapo mtu angetegemea kuitwa ofisini na kupewa kalamu. Hakuitwa.

"Wakinipa mwaka mmoja, nakataa," aliniambia jioni moja akikunja nepi.

"Si mkataba huo?"

"Mwaka mmoja anapewa mtu anayengojewa achoke. Nikipiga chafya tu watasema, si mnaona? Nataka miwili. Wakinipa miwili wamekubali kwamba mimi bado mchezaji. Wasiponipa, narudi kuuza misumari, yaishe."

Alisema "yaishe" kwa wepesi, lakini nepi ile aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nilimwelewa. Hakuwa anaogopa misumari. Alikuwa anaogopa kuondolewa kwenye kitu anachokipenda na watu wasiokuwa na ujasiri wa kumwambia.

Mwenyekiti wa klabu ni mteja wangu wa kila Jumamosi. Jumamosi iliyofuata alikuja kunyoa ndevu kama kawaida, akakaa, akafumba macho. Nikampaka povu, nikashika wembe. Mwalimu mstaafu akalikunja gazeti lake asije akakosa neno.

"Mwenyekiti," nikasema kwa adabu zote, wembe ukiwa chini ya kidevu chake, "kuhusu mkataba wa mwenzangu."

"Tunalifanyia kazi," akajibu bila kusogeza midomo.

"Tangu lini?"

"Kuna kamati."

"Kamati inasemaje?"

"Haijakaa."

"Itakaa lini?"

Akafumbua jicho moja, akautazama wembe, akalifumba tena. "Karibuni," akasema.

Nilimnyoa vizuri, nataka hilo lijulikane, kazi ni kazi. Ila sikumpaka yale mafuta ya kunukia ya mwisho, na alipofika mlangoni akasimama akijipapasa shavu kama mtu aliyesahau kitu.

Nilipoyasimulia hayo nyumbani, mama yangu akasema, "Basi sasa niachieni mimi." Tangu baba afariki mama anaishi nasi, na kazi yake ni udalali wa nyumba. Inabidi nieleze anavyoifanya, maana ndiko kulikotokea zahama. Madalali wengine wakimleta mteja humwonyesha sebule kwanza, wamefungua madirisha yote, na palipo na ufa wanasimama wenyewe wauzibe kwa mgongo. Mama hufanya kinyume. Mteja hajavuta pumzi, anampeleka moja kwa moja kwenye ufa. "Huu hapa. Mvua ikipiga upande huu, maji yanaingia. Choo kinavuta taratibu. Jirani ana mbwa asiyelala. Umeona? Haya, sasa njoo uone nyumba." Nilipokuwa mdogo nilikuwa namwonea haya. Lakini hakuna dalali mtaani kwetu aliyepangisha nyumba nyingi kama yeye, na wapangaji wake wakikutana naye njiani humsalimia kwa furaha, jambo ambalo madalali wenzake hawalijui.

Basi simu ikalia kweli. Fundi viatu kwa mara ya kwanza maishani alikuwa karibu na ukweli: meneja wa klabu tajiri ya mji wa pili alikuwa anamtaka Ngazi, angependa kuja kuzungumza. Mama alikuwa amempakata mjukuu wake, ambaye humwita "mke mwenzangu" ingawa mume wao alifariki kabla mke mdogo hajazaliwa.

"Mwambie aje hapa nyumbani," akasema. "Na mimi nitakuwepo. Mtu haachwi peke yake na wanunuzi."

"Mama, hawa si wanunuzi," nikamwambia.

"Wanataka kitu, wana uwezo, na wanaogopa kupunjwa. Wewe unawaitaje?"

Meneja alifika kesho yake mchana. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, gauni zuri na chini raba za mchezo. Ukimtazama anavyokaa unajua naye aliwahi kucheza. Ngazi alikuwa chumbani anamnyonyesha mtoto, na kuta za nyumba yetu ni nyembamba kiasi kwamba ukiguna upande mmoja unaulizwa upande wa pili una nini. Mimi nikaleta chai. Mgeni hajaweka hata mkoba chini, mama akaanza.

"Ana miaka thelathini na mbili, si ishirini na tisa kama lilivyoandika gazeti. Kifundo cha mguu wa kushoto anakifunga bandeji kila mazoezi. Haruki kama zamani. Mtoto ananyonya, na hamwachishi kwa ajili yako wala kwa ajili yangu. Asubuhi hasemeshwi mpaka anywe chai."

Chai yenyewe ilinipalia. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, nikimwashiria mama kwa mkono anyamaze, naye akidhani naomba maji akanisogezea maji.

Meneja akauweka mkoba wake chini. "Kuna jingine?"

"Mume wake ni huyu," akasema mama, akininyooshea kidole.

Meneja akacheka, nikadhani tumepona. Kisha akaacha kucheka. "Nashukuru kwa ukweli wako, mama. Watu hawaniambiagi. Lakini umenitia wasiwasi, na mimi nitaulizwa na wakubwa zangu. Naomba basi aje kwetu afanye majaribio, halafu tutazame habari ya mwaka mmoja."

Majaribio! Bingwa wa mara tatu. Neno hilo huambiwa wasichana waliotoka shule juzi, wamevaa soksi mpya. Nikahisi moyo unanishuka, na kabla haujafika chini, mlango wa chumbani ukafunguka. Ngazi akainama akapita, mtoto begani. Akamsalimia mgeni kwa heshima. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, nakuheshimu, na unajua. Lakini mimi si nyumba ya kupanga. Mguu ni wangu, miaka ni yangu, maziwa ni yangu. Ungeniuliza kwanza."

Mama aliurekebisha mtandio wake mara mbili, wala haukuwa umelegea. "Nilitaka wayajue sasa," akasema, "wasije wakayavumbua wenyewe baadaye wakakutupa nayo. Ndivyo ninavyofanya kwenye kuta." Akauachia mtandio. "Lakini kuta hazisikii. Nisamehe, mwanangu."

Mimi ni mtoto wake wa kumzaa na sijawahi kupewa samahani hiyo. Nilimwonea Ngazi wivu, nasema kweli.

Ngazi akakaa, akamshusha mtoto mapajani. Hakuwa amekasirika tena. Alikuwa anafikiri, na akifikiri hukunja midomo upande. "Majaribio nitafanya," akamwambia Meneja. "Lakini si kwenu, na si ya kukimbia kuzunguka vigingi watu wakinipigia saa. Njooni na timu yenu nzima mcheze na sisi hapa kwetu, mechi kamili, milango wazi, kila anayetaka aone. Utaniona nikiwa na wenzangu. Mimi ni mchezaji wa timu, siwezi kuonekana peke yangu. Na Mama," akageuka, "siku hiyo hutasema hata neno moja."

"Hata moja," akasema mama, mkono kifuani.

Meneja akakubali, kwa kuwa walikuwa wanahitaji mechi ya kujipima nguvu kabla ya msimu. Mwenyekiti wetu alipopelekewa ombi aliruka kwa furaha, matajiri wanakuja kwake, jukwaa litajaa. Kwa nini wamemchagua yeye kati ya klabu zote, hakujiuliza. Wala sikumwambia, ingawa Jumamosi alikuja tena na alikuwa na muda wa kutosha chini ya wembe wangu.

Siku ya mechi nilifunga saluni bila hasara, maana wateja wote walikuwa uwanjani. Uwanja wetu una jukwaa la mbao upande mmoja na paa la bati, na matokeo hubadilishwa kwa mkono, mtu anageuza vibao vya namba. Nilikaa mama akiwa upande wangu wa kulia, mtoto mapajani, na nyuma yetu fundi viatu na Mwalimu mstaafu wakiendelea na kesi yao. Meneja alikaa ng'ambo, peke yake. Mwenyekiti alikaa mbele kabisa, ndevu zake safi.

Ngazi hakuanza. Mwenyekiti alikuwa ameleta msichana mpya wa kucheza katikati, mrefu kama Ngazi na mdogo kwake kwa miaka kumi na kitu, ambaye mtaa ulishambatiza Mnara. Mnara aliruka vizuri ajabu. Tatizo lake ni kwamba aliruka wakati wote, hata mpira ulipokuwa haupo, na matajiri walipita chini yake kama watu wanaopita chini ya daraja. Robo ya kwanza wakatuacha mbali.

Robo ya pili kocha akamwingiza Ngazi. Watu wakasimama wakashangilia, na mimi nikamwinua mtoto. Mpira wa kwanza aliupoteza. Wa pili aliruka kuufuata, akagongana na mtu angani, akatua vibaya na kuanguka, akabaki chini ameshika kifundo. Nyuma yangu nikamsikia fundi viatu akisema polepole, wala si kwa ubaya, "Basi. Amekwisha." Mama aligeuka na macho ya moto, akafungua mdomo, akakumbuka ahadi yake, akaingiza ncha ya mtandio mdomoni akaiuma. Ngazi akasimama mwenyewe. Akaukanyagia mguu, akaujaribu, akafunga upya kamba za kiatu. Akapewa mtupo huru kwa kule kugongwa, akaukosa pia.

Mapumziko nilimpelekea mtoto kwenye stoo ya mipira, ndiko alikokuwa anamnyonyeshea. Amekaa juu ya godoro la mazoezi kati ya mifagio na vigingi, jasho linamtiririka. Kocha alikuwa anatoa maelekezo mlangoni, amempa mgongo kwa adabu, kwa hiyo mbinu zote za kipindi cha pili aliueleza ukuta wa korido. Mnara alikuwa amesimama kando ya kocha, karibu alie.

"Nimecheza ovyo," Ngazi akasema, na sikujua anamwambia nani. "Nimecheza nimwonyeshe yule Meneja kwamba naruka. Siruki. Kwani nani asiyejua kwamba siruki? Basi, naacha." Akapaza sauti. "Mnara, mdogo wangu, njoo. Wewe ruka. Lakini ruka nikikwambia, si kabla. Sawa?"

"Sawa, dada," akasema Mnara, akajifuta pua.

"Kocha, tuweke sote wawili."

"Sijawahi kuweka watu wawili wa katikati," kocha akauambia ukuta.

"Na tumeshafungwa kwa kuweka mmoja."

Kocha akaangua kicheko, akakubali. Mtoto akashiba, nikampokea, na Ngazi akatoka stoo akiinamia mlango. Nilijua kwa namna alivyotembea kwamba mambo yamebadilika. Alikuwa anatembea kama anayekwenda kazini.

Kipindi cha pili sitaki kukisimulia kama mtangazaji, nitakosea. Nitasema tu nilichokiona. Niliona mwanamke ambaye kila mpira ulipogonga ubao yeye alikuwa ameshafika pale unapoangukia, amesimama, anausubiri. Matajiri waliruka, na mpira ukawapita ukaenda kwake. Akiupata hakuhangaika nao. Aliutuma, na ulipofika ulimkuta mtu peke yake chini ya kikapu. Sauti yake ilisikika uwanja mzima: "Ngoja... ngoja... sasa!" na Mnara akapaa. Akafunga, akafunga tena. Mgeuza vibao akawa hapati nafasi ya kukaa. Pengo likapungua mpaka likawa la kikapu kimoja, na mbao za jukwaa zikawa zinatikisika chini ya miguu yetu. Mwalimu mstaafu, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa amenishika mabega ananitikisa kama mimi ndiye ninayecheza.

Tukasawazisha. Muda ukawa umebaki kidogo sana, na mpira uko mikononi mwa Ngazi, na kila mtu uwanjani anajua utakwenda kwa Mnara. Wachezaji wawili wa wageni wakamfuata Mnara. Ngazi akapaza sauti, "Sasa!" na Mnara akaruka, na wale wawili wakaruka naye. Ngazi hakumpa. Alinyoosha mkono, miguu yote miwili chini, akausukuma mpira kwa ncha za vidole ukatua ndani ya kikapu, kama anayerudisha kopo la rangi kwenye rafu. Firimbi ikalia.

Uwanja ulipasuka. Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka mama alitema mtandio na kupiga kigelegele kirefu kilichowafanya njiwa watoke chini ya bati. Alikuwa ameahidi kutosema neno, na kigelegele si neno, hakuna wa kumlaumu.

Tulipomfikia Ngazi kwenye korido ya stoo, Mwenyekiti alikuwa ametutangulia, anasukuma watu. "Mwanangu, mwanangu!" anasema. "Kesho asubuhi ofisini. Mkataba wa mwaka mmoja upo tayari kabisa, na hayo mengine kamati itayajadili." Kisha akamwona Meneja amesimama pembeni kimya, akaona jinsi anavyomtazama Ngazi, na hapo ndipo alipoelewa matajiri wamefuata nini kwake. Uso wake ukabadilika. Nilifurahi sana, wala sioni haya kusema.

Ngazi alikuwa anajifuta jasho kwa jezi. Alimchukua mtoto kutoka kwangu.

"Vizuri mpo wote," akasema. "Haya mlishayasikia kwa wengine, sasa nayasema mwenyewe. Nina miaka thelathini na mbili. Kifundo nakifunga bandeji. Siruki. Mwanangu anasafiri na mimi popote timu inapokwenda. Na nataka miaka miwili. Mwaka mmoja sitaki, hata uwe wa dhahabu."

"Miwili nakupa," akasema Meneja. "Na nafasi ya mtoto kwenye basi, na ya huyo atakayembeba."

Mwenyekiti akaanza, "Kamati..." na akaishia hapo. Watu wote walimtazama. Akajaribu njia nyingine, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kweli, karibu nimhurumie. "Lakini Ngazi, wewe ni wetu."

"Nilingoja uniambie hivyo msimu mzima, Mwenyekiti," akasema mke wangu. Hakusema kwa ukali. "Nilikuwa nakuja mazoezini nangoja. Kama ungesema siku moja tu, leo tusingekuwa hapa." Akamgeukia Meneja, akampa mkono, na mama akaweka wake juu ya mikono yao kama anavyofanya nyumba ikipata mtu.

Tulihama kabla ya msimu kuanza. Wateja wangu wenyewe ndio waliopakia kiti cha saluni kwenye lori, na fundi viatu akabeba kioo njia nzima akirudia kwamba yeye alisema mapema kuwa Ngazi ameshasaini. Mama alisema anatusindikiza tu, amfikishe mke mwenzake salama. Hajarudi. Ameshapata wateja huko, na anawatembeza kwenye nyufa za mji mzima.

Mwaka wa kwanza hatukuchukua chochote. Tulimaliza wa tatu, na kule tulikotoka wapo waliosema, mnaona, wamenunua kizee. Ngazi alikuwa anayasikia, maana siku hizi hakuna neno lisilofika. Alikunywa chai yake asubuhi akaenda mazoezini.

Mwaka wa pili tukafika fainali, na fainali ikapangwa kwenye uwanja wetu wa zamani, dhidi ya klabu yetu ya zamani. Tiketi niliyopata ilikuwa ya upande wa wenyeji, katikati ya wateja wangu wote, mimi peke yangu na jezi ya wageni. Mnara alikuwa amekomaa, anaruka kwa wakati wake, na alimpa mke wangu kazi kubwa kuliko mtu yeyote msimu ule. Walipambana mpaka firimbi ya mwisho, kisha wakakumbatiana muda mrefu. Tulishinda sisi.

Kwa kuwa ndiye mwenyeji, Mwenyekiti alipangiwa kukabidhi kombe. Alilishika kwa mikono miwili, akamsogelea nahodha wa wageni, na nahodha alikuwa Ngazi. Akalipokea, akamshukuru kwa heshima, akaliinua, likaenda juu kuliko kombe lolote lililowahi kuinuliwa pale. Ulikuwa ule mwaka wa pili, mwaka ambao kamati haikuwa na ubavu wa kumpa. Nilisimama juu ya ubao wa jukwaa nikalia kwa sauti mbele ya wateja wangu wote, sikujifuta, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nikae.